Guka wa Miraba

Mambo yote yale yaligharimu shuka sita za kitanda, jogoo mmoja, mlango wa bafu ambao haukuwa wangu, na mwaka mzima wa kuulizwa kama nimeolewa na rangi. Nimehesabu mara mbili. Shuka zilikuwa za kamera, yaani zile za juu kabisa zinazochaguliwa belo la mitumba likifunguliwa, kabla ya wanunuzi wa kawaida kutia mikono. Mjini Nyeri ningezimaliza kabla ya chai ya saa nne. Jogoo alikuwa mkali na hakuna aliyemlilia. Mlango ndio umenirudia. Majuzi tulimzika nyanya wa watu, Cucu Nyawira, kule Tetu, na watu walipokwisha kula, mwanawe wa kwanza, Baba Gathogo, alinivuta kando ya ghala la mahindi akaniambia kwamba mama aliacha maneno kuhusu shamba, kuhusu ng'ombe, na kuhusu mimi. "Alisema mlango urudi kwa yule msichana wa mapazia. Ati uliazimwa." Msichana wa mapazia ana miaka arobaini na minne na goti linalolalamika kwenye ngazi, lakini nilisema asante. Mtu akikupa kitu na kukupunguzia umri kwa wakati mmoja, usimsahihishe. Wakaupakia kwenye pikapu ya bucha yake, wakaufunika kwa leso ya marehemu, na sasa umeegemea ndani ya duka langu la mapazia, bawaba zake mbili bado ziko pale pale, na juu yake uso wa mwanamume ambaye sikuwahi kukutana naye na ambaye, kwa hesabu yangu yoyote ile, ndiye aliyenifungulia duka.

Mwaka huo nilikuwa nimepanga mtaa wa Skuta, Nyeri, kwenye ploti ya Mama Njoki: vyumba vinane vinavyotazamana, choo kimoja, bafu moja, na mwenye nyumba mmoja aliyejua nani ananunua nyama siku gani. Chumba changu kilikuwa nusu makao nusu ghala. Nililala juu ya mapazia, chini ya mapazia, na asubuhi nilisukuma mapazia ili nione dirisha. Ukuta ulionitenganisha na jirani ulikuwa wa mbao zilizozibwa kwa magazeti, kwa hiyo nilimjua Muriithi kwa kikohozi kabla ya kumjua kwa sura. Alikuwa mchoraji wa mabango. Kinyozi zote za Ruring'u zilikuwa na vichwa alivyovichora yeye, na bucha ya Baba Gathogo, palepale karibu na uwanja wa michezo, ilikuwa na fahali wake mwekundu mwenye macho ya mtu aliyeletewa bili ya wenzake. Kisha mashine ya kuchapisha mabango ya plastiki ikafika mjini. Vinyozi wakaanza kutundika vichwa vya wacheza mpira wa Ulaya. Baba Gathogo akampaka fahali rangi nyeupe, akatundika bango lenye ng'ombe aliyetolewa kwenye intaneti: mweusi kwa mweupe, mnono, kiwele kimejaa. Ng'ombe wa maziwa, juu ya bucha inayouza mbuzi. Nilipomwuliza, aliniambia, "Wangeci, huyo ng'ombe ni wa kisasa." Nikamwambia huyo ng'ombe akijua yuko juu ya bucha, maziwa yatakatika.

Kahawa ilikuwa imeanza kuiva jioni niliyomsikia baba yake Muriithi kupitia yale magazeti. Alikuwa amekuja kutoka Tetu na debe la maziwa na sauti ya mtu aliyefanya mazoezi njiani. "Nimekupa mwaka," alisema. "Kahawa ikiiva tena na bado unakula githeri ya jirani, utarudi nyumbani ukamue. Mimi nimechoka na hao ng'ombe." Kisha Muriithi: "Na nikijilisha na brashi?" Mzee akafikiri kiasi cha kumeza kikombe. "Ukijilisha na brashi nitauza ng'ombe, nipumzike, nijue nilizaa fundi. Lakini kwa sasa naona nilizaa mgeni wa watu." Githeri iliyotajwa, mahindi na maharagwe, ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeitia viazi na majani ya mboga, na nusu yake ilikuwa upande ule wa ukuta wakati ule ule mzee alipokuwa akiilaani. Nilibisha ukutani nikasema, "Mzee, sufuria irudi ikiwa imeoshwa." Baba mtu akacheka bila kupenda. Sasa naona kwamba ndipo nilipoingia kwenye biashara ile, kwa sufuria, bila kujadili masharti. Ndiyo mara pekee.

Baada ya siku chache Muriithi akaja mlangoni kuomba shuka. Turubai za wachoraji huuzwa Nairobi, akaniambia, na shuka nzito ya pamba ukiipiga rangi ya maji mara mbili inakuwa turubai. Nikamwambia nusu ya kila picha itakuwa yangu. "Nusu gani?" akauliza. "Ya juu ama ya chini?" "Ile itakayonunuliwa." Tukapatana. Nilitarajia mlima na ndovu. Mlima ulikuja: Kirinyaga asubuhi, theluji ikiwaka, wingu limefunga kiuno, kazi safi kabisa, na kwenye pembe ya juu, kulia, akachora betri nyekundu ya simu iliyobaki na asilimia moja. Nikauliza hiyo ya nini. Akasema, "Watu wa hapa siku hizi wanaona mlima kwa simu kuliko kwa dirisha. Mimi nachora kile wanaona." Picha ya pili ilikuwa mashamba ya chai ya Tetu chini ya kioo kilichopasuka, nyufa zikitawanyika kutoka mahali ambapo kidole gumba hukaa. Ya tatu ilikuwa mhubiri aliyegandishwa na mtandao katikati ya neno, mdomo wazi, nusu ya uso imevutika kama ugali moto, na mbele ya paji lake kale kaduara kanakozunguka simu ikitafuta mtandao. Muriithi alikuwa akivitazama vitu vile kwenye simu yake yenye ufa kwa subira ya mtu anayetazama mbegu. Picha za kuchekesha ambazo kila mtu alizituma na kuzisahau, yeye alizirudia, akizikuza kwa vidole viwili mpaka zinavunjika, kisha anacheka peke yake upande wa pili wa magazeti. Mama Njoki alinionya kisimani: "Huyo kijana anacheka na ukuta. Chunga."

Nilijaribu kuziuza. Nataka hili lieleweke, kwa sababu siku hizi Muriithi akihojiwa husema watu hawakuwa tayari. Watu walikuwa tayari, walikuwa hawana nafasi ukutani. Nilizitundika kati ya mapazia soko la Karatina, na mama mmoja akamshika mhubiri pindoni, akampima kwa mkono, akauliza kama ninaye mwingine wa kufanana naye, kwa sababu dirisha lake lina pande mbili. Alipomtazama usoni akaachia. "Huyu amefungua mdomo. Nitalala aje?" Nikamwambia amfungue dirishani mchana, amfunge usiku. Akaenda akicheka, na kicheko hakilipi ushuru wa soko. Kule Nanyuki wageni walitaka ndovu. Mmoja aliupenda mlima sana, akauliza kama Muriithi anaweza kuitoa betri. Muriithi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamkanyaga mguu ili anyamaze, nikasema betri ndiyo picha, mlima ni wa bure. Yule mgeni akanunua bangili kwa jirani. Tulirudi nyumbani na vitu vyote tulivyoondoka navyo, ukiondoa nauli. Usiku ule nilipika nduma na chai, tukala, na Muriithi akasema bila kuinua macho, "Kahawa imetoa maua." Mtu wa mjini angedhani anasifu maua.

Msaada ulitoka bucha. Baba Gathogo alikuja mwenyewe Skuta, kofia mkononi, na mtu wa bucha akikuvulia kofia ujue mizani imemwelemea. Familia ilikuwa ikiandaa sherehe ya shukrani ya Cucu Nyawira, kumshukuru Mungu kwa miaka yake mingi, na yeye kama kifungua mimba ndiye mwenyekiti wa kamati. Cucu alikuwa ameomba jambo moja tu: picha kubwa ya mume wake. Guka Gathogo, yaani babu mwenyewe, alikuwa amekufa zamani, na katika maisha yake alipigwa picha mara moja. Picha hiyo ilikaa kwenye fremu sebuleni miaka na miaka mpaka unyevu ukaigandisha kwenye kioo. Basi mke wa Baba Gathogo, katika kusafishia wageni nyumba, akaifungua fremu, akaona uchafu, akapangusa kwa kitambaa cha sabuni. "Alitoka kama masizi," Baba Gathogo akasema. "Mama Gathogo amelia wiki nzima. Cucu hajaambiwa. Macho yake yana mtoto wa jicho, anaona ukungu tu, lakini kila asubuhi anaenda kushika ile fremu." Kilichobaki kilikuwa nakala ya simu. Mjukuu alikuwa ameipiga picha ile picha, kisha simu yake ikatumbukia chooni, lakini kabla ya hapo alikuwa ameituma kwenye kundi la familia; kutoka hapo ikaenda kundi la kanisa, ikaenda kwa mjomba aliye Amerika, mjomba akaikata kichwa tu akairudisha, mtu akaituma tena, na kila mahali ilipopita iliacha kipande. Alipotuonyesha ilikuwa ndogo kama stempu. Ukiikuza, uso wote unageuka miraba: mraba wa kahawia, mraba wa kijivu, mraba mweusi mahali pa jicho. Mtu wa mashine ya mabango alikuwa amekataa kuichapisha. "Amesema itatoka tailsi za sakafu. Sasa, Muriithi, wewe uko na mkono. Wewe jaza pale panakosekana."

Muriithi aliishika ile simu muda mrefu. Nilijua anachokiona, na nikajua lazima niseme haraka kabla hajakubali bure. "Utampa nini?" Baba Gathogo akasema nyama, kila Jumamosi, mpaka Krismasi. Nikamwambia nyama huisha. "Basi unataka nini, Wangeci? Unataka bucha?" "Nataka ukuta." Bucha yake ilikuwa na ukuta mrefu unaotazama barabara, ule wa fahali aliyefunikwa. Akaguna kama mtu aliyeombwa figo. Akasema nusu ya ukuta. Nikasema wote, pamoja na ubavu unaotazama uwanja. Akasema, "Na kamati ikikataa picha?" Hapo ndipo nilipoona Muriithi ananitazama kwa jicho la onyo, na hapo ndipo nilipofanya lile ninaloambiwa hadi leo lilikuwa ushujaa, kumbe lilikuwa hasira ya Nanyuki. "Wakikataa, nitaweka mapazia nyumba yako yote bure, sebule mpaka jikoni, na Muriithi atarudi Tetu kukamua, hutamwona tena." Akaipenda hiyo. Akaivaa kofia yake.

Shuka ya mwisho niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa na nzuri kuliko zote. Ilihitaji kitu kigumu nyuma yake, na mbao zilikuwa ghali, na mlango wa bafu wa Mama Njoki ulikuwa wa mninga, umenyooka, na kwa bahati umelegea. Nilimwambia naupeleka kwa fundi. Kwa muda uliobaki ploti nzima ilioga nyuma ya pazia langu la maua ya waridi, na nataka kusema wengi waliona ni maendeleo. Jogoo tulimuuza kwa ajili ya rangi ya mafuta na tapentaini. Muriithi akachora vijistari vya penseli juu ya shuka, kutoka juu hadi chini, kutoka kushoto hadi kulia, kama daftari la hesabu, na akaanza kuchanganya kahawia. Nilidhani ni maandalizi. Wiki ikapita, miraba ikapanda kutoka shingo hadi kidevu, mraba baada ya mraba, kila mmoja na rangi yake moja, pembe zake kali. Nikamwuliza uso unaanza lini. Akasema, "Si huu?"

Tuligombana kwa chakula. Ndivyo watu wanaoheshimiana hugombana kwenye ploti: nilipika mukimo wa viazi na mahindi nikala peke yangu, nikihakikisha harufu inapita ukutani. Baba Gathogo naye alisikia fununu, akatuma suluhisho la nyumbani. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hubeba jina la baba wa baba yake, na kubeba jina si mchezo. Anayebeba jina ndiye mwenyewe aliyerudi. Cucu Nyawira alimwita mjukuu wake Gathogo "mume wangu" tangu akiwa kwenye nepi, na akimkosea alimnunia kama mke. Sasa mwenyekiti wa kamati akafikiri hivi: kama Gathogo ni Gathogo, kuna tatizo gani? Akamleta akae kwenye stuli achorwe. Gathogo alikuwa mwendesha boda, shavu limejaa, nywele kapaka rangi ya dhahabu juu kama mkate ulioungua kidogo. Akakaa kwa heshima. "Chora tu, bro. Mimi ndio yeye." Muriithi akamwuliza, "Cucu husema unafanana naye?" Gathogo akajikuna. "Hapana. Cucu husema nilichukua jina nikaacha pua." Muriithi akaweka brashi chini. Alisema kwa upole, na nilisikia kila neno kwa sababu nilikuwa mlangoni na sufuria: "Sikumjua guka yako. Hii ndio yote imebaki yake. Nikiongeza pua, hiyo pua ni yangu. Cucu atakuwa anaomba mbele ya mtu mwingine." Gathogo akanitazama. Akauliza, "Huo ukuta wenu, mtaupata kweli?" Nikamwambia akale mukimo. Siku ile nilikula nao wote wawili, kwa sababu kahawa kule mashambani ilikuwa imeanza kuwa nyekundu, na nilikuwa nimeshakata, kichwani, mapazia ya nyumba ya watu.

Sherehe ilikuwa Jumamosi. Kule Tetu hema mbili zilikuwa zimesimama kati ya nyumba na mashina ya kahawa, akina mama wa kanisa wamevaa vitambaa vya kichwa vya rangi moja, maharagwe meusi ya njahi yanatokota kwenye sufuria ambazo mtu angeweza kuogea. Baba yake Muriithi alikuwa amekaa na wazee wenzake, kikombe cha uji mkononi, kwa sababu mashamba yanapakana na sherehe haikosi jirani. Kamati ilitaka kuiona picha kwanza, ndani, kabla ya umma. Ilikuwa sebule ya hapa kwetu: makochi yamebanana, vitambaa vya kufuma juu ya kila mgongo wa kochi, meza katikati, kalenda tatu, na nafasi ya kupita kiubavu. Tukausimamisha mlango kwenye kochi, umefunikwa kwa pazia. Baba Gathogo akavuta pazia. Kamati nzima ilikuwa imesimama umbali wa pua.

"Hii ni nini?" akauliza shangazi mmoja.

"Ni guka," nikasema.

"Guka alikuwa sakafu?"

Mwingine akasema inafanana na choo kipya cha kanisa. Mama Gathogo, aliyepangusa picha, alianza kulia tena, polepole, na hicho ndicho kilichouma. Baba Gathogo hakupiga kelele. Alimwambia Muriithi, "Nilikuambia ujaze," kisha akanigeukia mimi: "Vipimo vya madirisha uchukue leo, kwa vile umefika." Vijana wawili wakautoa mlango kwa nyuma, wakauegemeza kwenye zizi, pazia likabaki ndani. Manyunyu yalikuwa yameanza. Muriithi alikwenda akasimama kando ya picha kama mtu aliye pamoja na mgonjwa, na kwa mbali nikamwona baba yake anaweka kikombe chini, anamtazama mwanawe, halafu anawatazama ng'ombe. Sikupenda alivyohamisha macho.

Nilikuwa nimetoa futi yangu ya kupimia, kwa sababu mkataba ni mkataba, niliposikia kwaya inanyamaza. Gathogo alikuwa anamtoa cucu hemani kumpeleka anawe mikono, amemshika kiwiko, na cucu alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mbali na zizi, fimbo imetua. Alikuwa amegeuza uso kule. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji.

"Nani amemweka Gathogo kwa ng'ombe?" akauliza.

"Niko hapa, cucu," Gathogo akasema. "Nimekushika."

"Si wewe. Wewe ni mume wangu mdogo. Nasema huyo mkubwa." Akainua fimbo akaielekeza moja kwa moja. "Ananyeshewa. Na amekasirika, si unaona vile amekunja mdomo upande? Hivyo ndivyo alikuwa anakaa nikichelewesha chakula."

Gathogo alikunja macho, akayafinya mpaka karibu kuyafumba, na nikamwona anaachia kiwiko cha nyanya yake bila kujua. "Ngai," akasema. "Baba! Kuja usimame hapa. Usiende karibu. Rudi nyuma!" Baba Gathogo akatoka, akasimama alipo mamake, akafinya macho. Akavua kofia. Basi watu wote wakaanza kurudi nyuma. Sijapata kuona umati ukikimbilia picha kwa kwenda kinyume chake. Kamati ilirudi nyuma, kwaya ikarudi nyuma, wazee wakaingia kinyumenyume kwenye kahawa wakikanyaga mashina, mjomba mmoja akaanguka juu ya sufuria ya wali, na kila aliyefika umbali ule alipiga kelele ile ile, kwa sababu miraba ilikuwa inayeyuka na ndani yake mwanamume mwembamba, mkali, mwenye masikio makubwa na mdomo uliokunjwa upande, alikuwa anatutazama sote kama tumechelewesha chakula. Msichana mmoja akainua simu apige, akaona kwenye kioo kidogo uso umekaa sawa kabisa, akapiga yowe. Kabla ya baraka picha ilikuwa imerudi kwenye kundi la familia, kundi la kanisa, na Amerika, ilikotoka imevunjika.

Cucu aliomba apelekwe karibu. Karibu hakuona kitu, lakini hakuwa anataka kuona. Alipapasa rangi mpaka pembeni, akagusa bawaba. "Huu ni mlango?" Nikasema ndiyo, cucu, uliazimwa. Akaitikia kwa kichwa kwa uzito, mtu wa kulipa madeni. "Basi utarudishwa. Lakini si leo." Baba yake Muriithi alikuwa ametoka kwenye kahawa, majani mabegani. Alipita karibu na picha, akarudi mbali, akapita tena karibu, kama mtu anayekagua ng'ombe kwa siri ili muuzaji asijue amempenda. Hatimaye akamsimamia mwanawe. "Niuze wawili," akauliza, "ama watatu?" Nikajibu mimi: watatu, na asiwauze kwa Baba Gathogo, maana leo ana furaha na kesho atakuwa amepona.

Nilirudisha futi mfukoni. Jumatatu Baba Gathogo alijaribu nusu ya ukuta tena, kwa mazoea tu, nikamkumbusha ubavu. Muriithi akamrudisha fahali mwekundu, safari hii kwa miraba mikubwa kama madirisha, hivyo kwamba ukisimama kununua robo ya nyama unaona rangi tu, lakini ukiwa ng'ambo ya barabara fahali anakujia na macho yake ya bili. Watu walishuka magarini kupiga picha. Mwenye hoteli wa Nanyuki akamwita, halafu Meru, halafu watu wa Nairobi wakaja wenyewe, na mmoja alinunua mhubiri, akanunua mlima, na betri yake, bila kuuliza itolewe. Nusu yangu ndiyo duka hili. Nusu ya nini, ya juu ama ya chini, hatujawahi kukubaliana.

Sasa mlango uko hapa, na mambo mawili yananisumbua. La kwanza ni dogo. Gathogo, ambaye nywele zake zimerudi nyeusi na ana watoto watatu, ameweka kwenye kundi la familia, na kunitumia na mimi, guka aliyesafishwa na simu. Siku hizi simu inajaza pale panapokosekana yenyewe, bila kuomba ukuta. Guka ametoka laini, ana meno yote, na pua ya mtu wa benki. Watoto wamempenda. Nilimjibu Gathogo kwamba aliyeweza kuamua tumemzika, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuona kutoka pale aliposimama nyanya yake, kwa hiyo asiniulize mimi. Picha ile ameiondoa kwenye kundi.

La pili ndilo linalohitaji shauri. Duka langu ni jembamba. Guka akiwa ndani ni sakafu. Nimemsimamisha mlangoni, akitazama nje, na sasa anayemwona ni Mama Waruguru, muuza viazi wa ng'ambo ya barabara, umbali ule ule wa zizi na uwanja. Amemzoea. Juzi alinipigia kelele akiwa kule, "Wangeci, leo mzee amenuna, umemnyima nini?" Mimi mwenyewe, nikitaka kumwona mtu wangu, inabidi nivuke barabara nisimame kati ya magunia ya mwenzangu kama mnunuzi. Nataka tubadilishane maduka, guka abaki palepale alipo. Lakini nimeshavuka mara nyingi mno, asubuhi na jioni, nikasimama pale nikifinya macho na kutabasamu, na mwanamke yule ana macho. Bidhaa ukishaitazama hivyo mbele ya mwenyewe, nusu ya bei umeshaipoteza. Jana aliniambia, bila kuulizwa, kwamba kibanda chake kina upepo mzuri sana. Na Mama Njoki naye amesikia, ametuma salamu kuulizia mlango. Basi ninyi mliowahi kutaka kitu mbele ya mtu aliyejua mnakitaka, niambieni: mngekuwa mimi, mngeanzia wapi bei?